Jalidi ya Ughaibuni na Udongo Mweusi wa Chamwino

Kila jengo lenye lifti lina shimo ambalo wapandaji hawalioni. Shimo hilo liko chini ya sakafu ya kituo cha mwisho, na kina chake aghalabu ni kati ya mita 1.2 na mita 2, kwa kadiri ya mwendo wa lifti yenyewe. Ndani yake husimama springi au mitungi ya mafuta ya kupunguza kishindo, endapo chumba cha lifti kitashuka kupita kiasi. Humo ndimo zinamoanzia pia reli mbili za chuma zinazokiongoza chumba hicho hadi ghorofa ya juu kabisa. Tangu mwaka 1854, Elisha Otis alipowaonyesha watu wa New York breki yake inayozuia lifti isianguke kamba inapokatika, wahandisi wametumia akili nyingi kwa mambo ya juu: kamba, mota na breki. Lakini lifti, kama nyumba yoyote, huanza kusimama vema au vibaya kutoka chini ya ardhi.

Katika nchi za baridi, vitabu vya ujenzi vina kurasa nyingi juu ya namna ya kulikinga shimo la lifti na jalidi, yaani baridi kali inayoyagandisha maji yaliyomo udongoni. Mwanafunzi wa Chamwino akivifungua vitabu hivyo, yamkini atazipita kurasa hizo haraka. Wilaya yake iko juu ya uwanda wa kati wa Tanzania, kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hata usiku wa Julai halijoto yake hushuka hadi nyuzi 13 au 14 za sentigredi tu. Ardhi ya huko haigandi kamwe. Je, kurasa zile zina faida gani kwake?

Faida yake ni kubwa, kwani tatizo la jalidi na tatizo la udongo mweusi wa mbuga ni ndugu wawili wa nyumba moja. Yote mawili huinua misingi, hupasua kuta, na husababishwa na maji yanayohama ndani ya udongo kwa kufuata misimu. Anayelifahamu moja atalifahamu la pili bila taabu.

MAKAO MAKUU NA ARDHI YAKE

Mnamo Oktoba 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamishwe kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Mwaka huohuo iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyofanya kazi hadi ilipovunjwa mwaka 2017. Mpango mkuu wa kwanza wa mji uliandaliwa na wataalamu kutoka Toronto, Kanada, ukakamilika mwaka 1976. Chamwino, iliyo upande wa mashariki wa mji karibu na Buigiri, ilikuwa tayari imejulikana kama kijiji cha ujamaa ambako Mwalimu Nyerere mwenyewe alishiriki kazi pamoja na wanakijiji. Ikulu mpya ya Chamwino ilizinduliwa tarehe 20 Mei 2023. Upande huohuo wa mashariki, huko Mtumba, ndiko ulikojengwa Mji wa Serikali kuanzia mwishoni mwa mwaka 2018: kwanza ofisi za wizara zisizo na ghorofa, kisha, katika awamu ya pili, majengo marefu yenye ghorofa nyingi. Palipo na ghorofa nyingi pana lifti, na palipo na lifti hapana budi pawe na shimo.

Kabla ya maghorofa, Wagogo walikuwa na tembe: nyumba pana na fupi, yenye paa bapa la udongo lililobebwa na nguzo zenye panda zilizochimbiwa ardhini. Uzito wa paa hukaa juu ya nguzo, wala si juu ya ukuta. Ukuta wa fito na udongo hujaza tu nafasi iliyo kati yao. Ardhi ikiinuka au ikishuka kidogo, fito hupinda, udongo hupasuka, na mwenye nyumba huukandika upya. Tembe halikuwa na msingi wa kina, kwa sababu halikuuhitaji: lilijengwa liweze kucheza pamoja na ardhi. Ukuta wa matofali ya saruji hauna uwezo huo. Ni mgumu na hupasuka upesi, na ufa wake haufunikwi kwa kiganja cha udongo. Jengo lilipobadilika na kuwa gumu, msingi nao ulilazimika kubadilika.

BARAFU INAVYOINUA NYUMBA

Kila mwanafunzi wa fizikia anafahamu kwamba maji yakiganda hutanuka kwa kiasi cha asilimia 9. Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya ardhi kuinuka wakati wa baridi. Hesabu ndogo inaonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi. Chukua udongo ulioganda hadi kina cha mita moja, wenye nafasi za hewa na maji asilimia 40 ya ujazo wake. Hata kama nafasi zote zimejaa maji, kutanuka kwa maji hayo kungeuinua udongo kwa sentimita 3.6 tu. Hata hivyo, katika nchi za baridi barabara na misingi imeonekana kuinuka sentimita 10, 20 na zaidi.

Kitendawili hicho kilifumbuliwa na mwanajiolojia wa Marekani, Stephen Taber, katika maandishi yake ya mwaka 1929 na 1930. Taber aliugandisha udongo uliolowanishwa kwa benzini badala ya maji. Benzini, tofauti na maji, hunywea inapoganda. Hata hivyo udongo wake uliinuka! Kwa hiyo ilidhihirika kwamba kutanuka kwa maji si sababu kuu. Kinachotokea ni hiki: baridi inaposhuka ardhini, maji huganda kwanza mahali fulani na kuunda tabaka jembamba la barafu. Tabaka hilo huvuta maji mengine kutoka chini, kupitia vinyweleo vya udongo, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Maji yanayofika huganda nayo, tabaka hunenepa, na kila kilicho juu yake husukumwa kwenda juu. Basi udongo hauinuki kwa maji uliyokuwa nayo tu, bali huinuka hasa kwa maji unayoyakusanya.

Ili ardhi iinuke kwa jalidi, mambo matatu yanapaswa kukutana: baridi ya kugandisha, maji yaliyo karibu, na udongo wenye chembe ndogo za kiasi kinachofaa kuyavuta maji hayo. Mchanga safi wenye chembe kubwa hauvuti maji, kwa hiyo hauleti madhara. Ondoa jambo moja kati ya hayo matatu, na tatizo limekwisha. Ndiyo sababu wajenzi wa nchi za baridi huweka changarawe chini ya msingi, hutoa maji kwa mifereji, au hushuka chini ya kina ambacho baridi haifiki. Katika mji wa Chicago kina kinachotakiwa ni inchi 42, yaani mita 1.07 hivi, kaskazini ya Finland baridi hupenya zaidi ya mita 2 pale ambapo ardhi haikufunikwa na theluji.

Shimo la lifti lililo katikati ya jengo lenye joto huwa salama, kwa kuwa joto la jengo huilinda ardhi iliyo chini yake. Hatari huja pale lifti inapojengwa nje ya ukuta, au jengo linapoachwa bila joto, au shimo linapochimbwa na kukaa wazi msimu mzima wa baridi kabla jengo halijakamilika. Hapo sakafu ya shimo, iliyokuwa imeshushwa kwa mita nyingi za kazi, huwa ndiyo sasa uso wa ardhi, na baridi huanza safari yake kutoka hapo kwenda chini. Wahandisi hulikinga kwa mbao nene za povu la polistirini zinazozuia joto lisitoroke.

Afrika Mashariki nayo ina jalidi yake. Juu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 4,000, ardhi huganda usiku na kuyeyuka mchana, na asubuhi vijiti vyembamba vya barafu huonekana vimeinua vipande vya udongo. Na tena baridi imeingia nchini kwa mlango wa pili, nao ni maghala ya kugandishia samaki yaliyo katika miji ya pwani na ya Ziwa Viktoria. Ghala linalotunzwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri mwaka baada ya mwaka huweza kuigandisha ardhi iliyo chini yake hata katika nchi ya joto, na sakafu ikabinuka. Kwa sababu hiyo sakafu za maghala hayo huwekewa kinga ya joto, na mara nyingi njia za hewa au nyaya za umeme za kuipasha ardhi moto.

UDONGO UNAOVIMBA NA KUNYWEA

Sasa msomaji arudi Chamwino. Vilima vya mawe ya matale vya uwanda wa kati ni miongoni mwa miamba mikongwe ya Afrika. Umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Ukianzia juu ya kilima na kushuka hadi bondeni, utapita udongo wa changarawe, kisha udongo mwekundu, kisha udongo wa kijivu wa kichanga, na mwisho mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi na kunata masika. Mpangilio huo si wa bahati. Geoffrey Milne, mtaalamu wa kemia ya udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, aliueleza mwaka 1935 kwa jina la «katena», neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Aina za udongo, alisema, zimeungana kama pete za mnyororo kutoka kileleni hadi bondeni, na zinarudiwa kila pale ambapo sura ya nchi inajirudia. Wazo hilo lililozaliwa Tanganyika linafundishwa sasa katika vyuo vikuu vya dunia nzima.

Sababu ya mnyororo huo ni maji. Mvua huuosha udongo wa mtelemko na kuchukua chumvi za kalsiamu na magnesiamu kwenda bondeni. Udongo wa juu, uliooshwa vema, hubaki na chuma kinachoupa wekundu pamoja na madini ya mfinyanzi yaitwayo kaolinaiti. Bondeni, ambako maji hukaa na chumvi hujikusanya, hutokea madini ya namna nyingine, maarufu zaidi yakiwa ni montimorilonaiti, yaliyopewa jina la mji wa Montmorillon, Ufaransa.

Madini hayo mawili yote yameundwa kwa karatasi nyembamba mno zilizopangwa moja juu ya nyingine, mfano wa kurasa za kitabu. Katika kaolinaiti kurasa zimeshikana sana, na maji hayawezi kuingia kati yake. Katika montimorilonaiti mshikamano ni hafifu. Kurasa zikiwa kavu, umbali kutoka moja hadi ya pili ni kama sehemu moja ya milioni ya milimita. Zikipata maji, umbali huo huongezeka kwa nusu yake, hata kufikia karibu mara mbili. Uso wa kurasa zote zilizomo katika gramu moja ya madini hayo huweza kufikia mita za mraba 800. Gramu 9 tu zinatosha, kwa hesabu, kufunika uwanja mzima wa mpira wa miguu. Si ajabu basi kwamba udongo wa namna hiyo hunywa maji mengi na kuvimba, na ukikauka hunywea na kupasuka hadi mtu aweze kuingiza mkono katika nyufa zake.

Uwanda wa kati umekwisha kutoa fundisho kali kwa waliopuuza tabia ya udongo. Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulikwama kwa sababu nyingi, na mojawapo ilikuwa kwamba ardhi ilikauka baada ya mvua ikawa ngumu mno hata karanga zisichimbike. Mitambo na fedha havikuweza kuilazimisha ardhi iwe kama ilivyotarajiwa na waliopanga mradi huo.

KINA AMBACHO MISIMU HAIFIKI

Jalidi ina kina chake cha mwisho, na ukavu nao una kina chake. Dodoma hupata mvua ya kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine jua hufyonza maji kutoka ardhini. Tabaka la juu hulowa na kukauka kila mwaka. Linalofuata hubadilika kidogo. Na chini zaidi unyevu hubaki karibu uleule masika na kiangazi. Katika nchi zenye kiangazi kirefu, tabaka linalobadilika mara nyingi huwa na unene wa mita 1.5 hadi 3, na hata zaidi palipo na miti mikubwa. Mwarobaini, ambao umependwa sana Dodoma kwa kivuli chake, hunywa maji kutoka mbali kwa mizizi yake. Ukipandwa mlangoni mwa nyumba iliyo juu ya mbuga, huikausha ardhi upande mmoja na kuacha upande wa pili ukiwa na maji.

Tuseme tabaka la mita 2 limevimba kwa asilimia 3 tu. Uso wa ardhi utakuwa umeinuka sentimita 6. Kama nyumba nzima ingeinuka sawasawa, hakuna ambaye angejua. Tatizo ni kwamba haiinuki sawasawa. Nyumba ikishajengwa huizuia ardhi iliyo chini ya katikati yake isikaushwe na jua, kwa hiyo unyevu hukusanyika hapo taratibu, lakini kingoni ardhi huendelea kulowa na kukauka kwa misimu. Uchunguzi wa Skempton na MacDonald uliochapishwa mwaka 1956 ulionyesha kwamba kuta huanza kupasuka pale tofauti ya kuinuka au kushuka inapofikia sehemu moja ya 300 ya umbali kati ya nguzo na nguzo. Katika umbali wa mita 3, tofauti hiyo ni sentimita moja tu.

Nyufa zenyewe husema. Ufa ulio mpana juu na mwembamba chini mara nyingi huonyesha kwamba katikati ya ukuta pameinuka, au kwamba ncha zake zimeshuka. Ufa ulio mpana chini huonyesha kinyume chake. Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha au ya mlango hutokea kwa sababu hapo ukuta una udhaifu.

SHIMO LA LIFTI KATIKA MBUGA

Hatari za shimo la lifti katika udongo mweusi ni nne, na kila moja inaweza kupimwa kwa hesabu ya sekondari.

Ya kwanza ni wepesi wa shimo. Chukua shimo la zege lenye upana wa mita 2.4 kwa 2.4 kwa nje, sakafu yenye unene wa mita 0.3, na kuta nne zenye unene wa mita 0.2 na kimo cha mita 1.5 juu ya sakafu hiyo. Zege lake ni mita za ujazo 4.37, na uzito wake ni tani 10.5 hivi. Lakini udongo ulioondolewa ili kulipa nafasi ulikuwa mita za ujazo 10.4, wenye uzito wa tani 18 au zaidi. Kwa hiyo ardhi iliyo chini ya shimo imepunguziwa mzigo. Mfinyanzi uliopunguziwa mzigo, ukipata maji, huvimba kwenda juu bila kizuizi.

Ya pili ni maji. Shimo lisilopenyeka maji, lililozungukwa na maji hadi usawa wa ardhi, husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji lililoyasukuma pembeni. Kwa kanuni ya Archimedes nguvu hiyo ni tani 10.4. Uzito wa shimo ni tani 10.5. Tofauti ni kama kilo 100 tu! Jengo likishasimama juu yake, jambo hilo halina madhara. Lakini mvua kubwa ikinyesha kabla kuta za jengo hazijainuka, shimo linaweza kuelea kama mtumbwi. Na asiseme mtu kwamba Dodoma ni nchi kavu. Kumbukumbu za visima vya Makutupora, kaskazini ya mji, ambazo zimetunzwa tangu miaka ya 1950, zimeonyesha kwamba maji ya chini ya ardhi hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka, bali hujazwa hasa katika misimu michache ya mvua nyingi isiyo ya kawaida, kama ule wa El Niño wa 1997/98. Shimo lililokaa kavu miaka mingi laweza kukutana na maji katika msimu mmoja.

Ya tatu ni majirani. Sakafu ya shimo huwa chini kuliko vitako vya misingi iliyo karibu. Uzito wa nguzo husambaa chini ya kitako chake kwa mshazari. Ukichimba chini ya mstari unaoshuka kwa nyuzi 45 kutoka ukingo wa kitako, unakinyima egemeo. Kwa hiyo shimo huchimbwa kwanza, na misingi ya jirani hushushwa hatua kwa hatua kama ngazi.

Ya nne ni unyofu. Reli za lifti hutakiwa kusimama wima kwa tofauti ya milimita chache. Shimo na mnara wake vikiinama kwa ile sehemu moja ya 300 iliyotajwa, mnara wenye kimo cha mita 30 utakuwa umeelekea upande mmoja kwa sentimita 10. Ukuta wa nyumba ungepata ufa tu, lakini lifti itasimama kufanya kazi.

NYUMBA NYEPESI NDIYO YENYE HATARI ZAIDI

Huenda msomaji akadhani kwamba mambo haya yanawahusu wenye maghorofa peke yao. Ukweli ni kinyume. Mfinyanzi wa mbuga ukivimba huweza kusukuma kwa nguvu ya tani 10, 20 au zaidi kwa kila mita ya mraba. Jengo refu huukandamiza udongo kwa mzigo unaokaribia kiasi hicho, kwa hiyo laweza kuuzuia usivimbe. Lakini ukuta wa darasa lisilo na ghorofa, lenye paa la bati, huukandamiza kwa tani 3 hivi tu kwa mita ya mraba. Ukuta huo hauwezi kushindana na udongo. Isitoshe, jengo refu hutanguliwa na uchunguzi wa udongo na mhandisi, ilhali darasa, zahanati na nyumba ya mwalimu mara nyingi hujengwa kwa nguvu za wananchi, msingi ukichimbwa kwa kina kilekile kilichozoeleka kwenye ardhi nyekundu ya mtelemkoni. Matofali yaliyopatikana kwa michango ya kijiji hupasuka baada ya masika mawili, na lawama humwangukia fundi mwashi au saruji, na udongo husahauliwa.

NJIA ZA KINGA

Kinga ya kwanza ni kuchagua mahali. Mnyororo wa Milne hutoa mwongozo usio na gharama: mita mia mbili tu kuelekea mtelemkoni zinaweza kumtoa mjenzi kwenye udongo mweusi na kumweka kwenye udongo mwekundu usiovimba.

Kama hapana nafasi ya kuchagua, zipo njia za kuondoa moja ya yale mambo yanayoleta tatizo. Njia mojawapo ni kuuondoa udongo wenyewe: tabaka jeusi huchimbwa na kujazwa moramu iliyoshindiliwa vema. Likiwa jembamba, njia hii ni bora. Nyingine ni kushuka chini ya kina cha misimu, ama kwa mitaro ama kwa nguzo fupi za zege zilizochimbwa kwa keekee na kutanuliwa chini mfano wa kengele, ambazo wataalamu wa Roorkee, India, waliziendeleza kwa ajili ya udongo wao mweusi. Mihimili ya zege inayounganisha nguzo hizo huachiwa nafasi tupu chini yake, ili udongo ukivimba usiiguse. Njia ya tatu ni kuutuliza udongo kwa kuuchanganya na chokaa, ambayo kalsiamu yake hupunguza kiu ya zile kurasa.

Njia ya nne ni kuyatawala maji. Bati lipewe mfereji wa kupeleka maji mbali. Nyumba izungukwe na njia ya zege yenye upana wa mita moja au zaidi na mtelemko wa kwenda nje. Karo na tangi la maji viwe mbali na ukuta. Na mti mkubwa upandwe mbali kwa umbali usiopungua kimo utakachofikia. Lengo hapa si kuikausha ardhi. Ardhi yenye unyevu usiobadilika haina madhara, kwani kinachovunja nyumba ni mabadiliko.

Kwa shimo la lifti hutumika yote hayo, na zaidi: zege lenye nondo za kutosha na viungo visivyopitisha maji, tabaka laini linalobonyea kati ya mfinyanzi na sakafu, na kishimo kidogo cha kukusanyia maji pamoja na pampu. Tena, shimo lisichimbwe likaachwa wazi. Kama vile Mfini hakubali shimo lake lipigwe na baridi ya Januari, vivyo hivyo mjenzi wa Chamwino asikubali lake likaushwe na jua la Oktoba na kujazwa na mvua ya Desemba. Lichimbwe, limwagwe zege, na kufunikwa bila kuchelewa.

JARIBIO LA DARASANI

Walimu wanaweza kufanya jaribio lifuatalo bila gharama. Wanafunzi walete udongo wa aina mbili, mwekundu wa mtelemkoni na mweusi wa mbugani. Kila mmoja ukaushwe, utwangwe na kuchekechwa kwa chekecheke laini. Pima mililita 10 za kila udongo, mimina polepole katika silinda ya kupimia yenye mililita 100 za maji, kisha acha kwa saa 24. Soma ujazo wa udongo uliotua chini. Ikiwa mililita 10 zimekuwa 20, udongo umevimba kwa asilimia 100, na nyumba nyepesi zilizo juu yake zimo hatarini. Ikiwa hazikufika 15, yaani chini ya asilimia 50, kwa kawaida hakuna la kuhofu sana.

Jaribio la pili linahitaji uvumilivu zaidi. Chagueni ufa mmoja katika ukuta wa shule. Chora alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake kwa milimita, na uandike tarehe. Rudieni kila mwezi, na kando ya kila kipimo andikeni mvua ya mwezi huo. Baada ya mwaka mmoja grafu itaonyesha kama ufa unafunguka na kufunga kwa misimu. Ikiwa ndivyo, chanzo cha ufa kimo katika udongo na maji yake, na kuuziba kwa saruji peke yake ni kazi bure, kwani utafunguka tena. Kamati ya shule ikiletewa grafu hiyo kabla darasa linalofuata halijaanza kuchimbiwa msingi, itakuwa na sababu iliyopimwa ya kuuliza mtaro ushuke hadi wapi, au kama jengo zima linafaa kupandishwa hadi kwenye ardhi nyekundu.